Mkondo Geu au Mkondo wa Kinyume? Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Bariadi

Miongoni mwa maandishi tuliyoletewa ili tuyatolee maoni yamo maelezo ya kurasa nne yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walimu wa sayansi na wapima ardhi wa Bariadi, mkoani Simiyu. Mada yake ni mkondo wa umeme upitao katika anga ya juu karibu na ikweta ya sumaku, na hasa tabia ya mkondo huo kugeuka na kuelekea upande usio wa kawaida yake. Hatutaji jina la mfasiri. Kazi yake ni ya juhudi na imefanywa bila malipo, na makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Ni makosa yetu sote tushughulikao na istilahi, kwa kuwa hatukumwekea mezani maneno ambayo angeweza kuyategemea.

Tumeichagua kazi hii kwa sababu moja. Kwa kawaida, istilahi mbovu humtatiza msomaji tu, akaacha kusoma. Istilahi za maelezo haya hazikumtatiza msomaji hata kidogo. Alizielewa vizuri sana, lakini alielewa jambo jingine. Kosa la namna hiyo ndilo la hatari zaidi, kwa maana halijitangazi.

Sentensi ya kwanza ya tafsiri hiyo inasema hivi: "Mkondo geu wa ikweta ni jeti ya umeme ya magharibi itokeayo katika siku tulivu." Kisarufi sentensi hii haina dosari. Upatanisho wake ni sahihi, na inatamkika kwa urahisi. Hata hivyo, katika maneno yake machache yamo mambo matano yanayohitaji kuchunguzwa. Kabla ya kuyachunguza, hapana budi tueleze kwa ufupi jambo lenyewe, kwa sababu haiwezekani kuhakiki jina bila ya kukijua kilichopewa jina hilo.

Jambo lenyewe

Juu ya ardhi, kuanzia kiasi cha kilomita 60 na kuendelea, mwanga wa jua huzivunja chembe za hewa na kuziacha zikiwa na chaji ya umeme. Tabaka hilo huitwa ionosfia. Katika kimo cha kilomita 100 hadi 110 hivi, hewa hiyo hupitisha umeme vizuri, na upepo wa huko juu huisukuma katika uga wa sumaku wa dunia, hata ukazalika umeme kama uzalikavyo katika jenereta. Mikondo ya umeme huo huenea upande wote wa dunia ulio mchana. Lakini juu ya ikweta ya sumaku, mahali ambapo mistari ya uga wa sumaku hulala sambamba na ardhi, hutokea jambo la pekee. Mkondo ambao ungeshuka wima huzuiliwa na matabaka yasiyopitisha umeme vizuri, chaji hujikusanya juu na chini, nao uga wa umeme unaotokana na kujikusanya huko huuongezea nguvu mkondo uendao mashariki. Matokeo yake ni ukanda wa mkondo wenye nguvu sana, wenye upana wa kilomita 600 hivi, unaoandamana na ikweta ya sumaku kuizunguka dunia upande wa mchana.

Dalili za mkondo huu zilionekana huko Huancayo, nchini Peru, baada ya kituo cha kupimia sumaku kuanza kazi mwaka 1922: kila mchana kipimo cha uga wa sumaku kilipanda kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mtaalamu Sydney Chapman aliupa mkondo huo jina la Kiingereza linalotumika hadi leo. Ugunduzi wa kugeuka kwake, hata hivyo, ni habari ya Afrika Mashariki, na wasomaji wetu wanastahili kuijua. Katika kituo cha jiofizikia cha Addis Ababa, kilichoanzishwa wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia wa 1957 hadi 1958, padri Pierre Gouin wa Shirika la Wayesuiti aliona kwamba katika siku fulani kipimo cha mchana hakikupanda, bali kilishuka chini ya kiwango cha usiku. Alitangaza jambo hilo mwaka 1962. Mwaka 1967, akishirikiana na Pierre-Noël Mayaud, aliandika kwa Kifaransa juu ya uwezekano wa kuwapo kwa mkondo wa upande wa pili, nao wakaulipa jina lake. Basi jina hili tunalolitafutia Kiswahili lilizaliwa kutokana na vipimo vya jirani zetu, na si jambo la kuagizwa kutoka mbali.

"Mkondo geu"

Mfasiri ameuita mkondo huu "mkondo geu". Ni rahisi kuona jinsi alivyofika hapo: mkondo umegeuka, basi ni mkondo geu. Lakini neno hili lina mwenyewe tayari. Mafundi wetu na vitabu vyetu vya umeme hulitumia kwa umeme wa majumbani, ule ambao hugeuza upande wake bila kukoma. Umeme wa gridi yetu una marudio 50 kwa sekunde, maana yake hugeuka upande mara 100 katika kila sekunde. Mkondo wa ionosfia tunaouzungumzia hauna tabia hiyo. Hugeuka, ukakaa katika hali yake mpya kwa saa moja, mbili au tatu, mara nyingi asubuhi au alasiri, kisha hurejea katika njia yake. Siku nyingi haugeuki kabisa.

Aidha, hata kama mafundi wasingelikuwa wamelitwaa neno hili, maana ya "-geu" katika Kiswahili ingelikataa. Mtu tumwitaye kigeugeu si yule aliyebadili shauri mara moja, bali ni yule ambaye kubadilika ndiyo tabia yake. Mzizi huu unabeba mazoea, si tukio. Mfasiri alihitaji neno la tukio, naye akachukua neno la tabia.

Sasa tuone madhara. Tulipozungumza na wasomaji wa maelezo haya Bariadi, wengi walituambia bila kusita kwamba yanahusu umeme wa nguzo. Mpima ardhi mmoja alieleza kwamba, baada ya kuyasoma, alikuwa akihakikisha anasimama mbali na nyaya za umeme anapotumia kipokezi cha setilaiti, na akisha kusogea huona hana sababu tena ya kutilia shaka namba anazozipata. Mahali ambapo mpaka wa mashamba mawili ya pamba hupimwa mara mbili na vipimo vikatofautiana kwa mita kadhaa, lawama humwangukia jirani aliyesogeza alama au nguzo iliyo karibu. Hatudai kwamba kila tofauti ya namna hiyo hutoka angani. Tunachosema ni kwamba maelezo haya yaliandikwa mahsusi ili kumwonya mpima ardhi juu ya ionosfia, ambayo huchelewesha mawimbi ya setilaiti na kukosesha kipokezi cha kawaida kwa mita kadhaa. Istilahi moja imemgeuza uso: badala ya kutazama juu anatazama nguzo. Dawa iliyotajwa katika ukurasa wa nne, yaani kutumia kipokezi cha masafa mawili au kulinganisha na kituo chenye mahali panapojulikana, haikumgusa, maana ilikuwa dawa ya ugonjwa ambao yeye hakujua kuwa anao.

"Wa ikweta"

Jambo la pili ni neno "ikweta" lililoachwa peke yake. Mwanafunzi wa Tanzania huijua ikweta moja tu, ile ya ramani, ipitayo Uganda na Kenya na kulikata Ziwa Viktoria. Bariadi iko chini ya digrii tatu kusini ya ikweta hiyo. Kwa hiyo msomaji wa Bariadi akisoma "mkondo wa ikweta" huamini kwamba unapita juu ya paa lake.

Haupiti. Ikweta ya sumaku ni mstari mwingine, nao haukunyooka. Katika Peru uko kusini ya ikweta ya ramani kwa digrii kama 12. Katika Afrika uko kaskazini yake kwa digrii tisa, kumi au zaidi kidogo, ukipita Nijeria, Chad na Ethiopia. Ndiyo sababu Addis Ababa iliuona mkondo huu na sisi hatukuuona. Kutoka Bariadi hadi mstari huo ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwalimu anaweza kuthibitisha hilo darasani kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa katikati ili iweze kuinama: juu ya ikweta ya sumaku sindano hulala sawasawa, lakini Bariadi ncha yake ya kusini huinama kwa zaidi ya digrii 20.

Hata hivyo, asije msomaji akakimbilia upande wa pili na kusema kwamba basi jambo hili haliwahusu watu wa Simiyu. Uga wa umeme unaoendesha mkondo uendao mashariki ndio huohuo uziinuao elektroni juu ya ikweta ya sumaku, kisha zikateremka kwa kuifuata mistari ya sumaku na kurundikana katika kanda mbili, moja kaskazini na moja kusini, kila moja kwenye digrii 15 hivi kutoka mstari huo. Bariadi haiko mbali na ukanda wa kusini. Siku ambayo mkondo umegeuka, uinuaji huo hupungua au hugeuka kuwa ushushaji, na mrundiko wa kusini hudhoofika. Mkondo wenyewe hauko juu ya Bariadi, lakini matokeo yake hufika. Ukweli huu wa pande mbili hauwezi kuelezwa kabisa kwa neno "ikweta" peke yake. Kwa hiyo kifungu kizima, "ikweta ya sumaku", kitumike kila mara, wala kisifupishwe kwa kisingizio cha kuepuka kurudiarudia.

"Jeti ya umeme"

Neno la tatu ni "jeti". Jina la Chapman lina sehemu mbili. Ya kwanza ni umeme, na ya pili ni neno ambalo kwa Kiingereza hutumika kwa maji au hewa itokayo kwa nguvu katika njia nyembamba. Kutokana na maana hiyo ndipo zilipopata jina ndege zinazosukumwa na hewa ya moto. Kiswahili kilikopa tawi kikaacha shina: kwetu sisi jeti ni ndege, basi. Msomaji aliyeambiwa kwamba kuna jeti ya umeme ya magharibi ana haki ya kuuliza imerushwa na nani. Kuandika "elektrojeti" hakutibu kosa hilo, kwa sababu sikio litasikia jeti ileile.

Kwa maoni yetu, kinachoutofautisha mkondo huu na mikondo mingine ya ionosfia ni kwamba umebanwa katika ukanda mwembamba. Tunapendekeza uitwe "mkondo finyu". Wapo watakaopinga kwamba kitu chenye upana wa kilomita 600 hakiwezi kuitwa finyu. Jibu letu ni kwamba ufinyu ni wa kulinganisha. Mkondo uizungukao nusu nzima ya dunia ukiwa na upana huo ni mwembamba, kama ulivyo mwembamba mto Simiyu ukiutazama kwenye ramani, ijapokuwa avukaye kwa miguu wakati wa mvua atasema vingine.

"Ya magharibi"

Jambo la nne ni dogo kwa sura, lakini limewahi kuwaponza wafasiri wengi. Mtu akisema "upepo wa kaskazini" anakusudia upepo utokao kaskazini. Mabaharia wa mwambao wamejua hivyo kwa karne nyingi, na jina la kaskazi limesimama juu ya maana hiyo. Lakini mkondo wa umeme hutajwa kwa upande unaouendea. Basi "jeti ya magharibi" inatoka magharibi au inakwenda magharibi? Nusu ya wasomaji watasema hivi na nusu vile, na tofauti yenyewe ndiyo mada nzima ya maelezo, kwani mkondo wa kawaida huenda mashariki na uliogeuka huenda magharibi.

Jambo hili lapaswa kueleweka vema Bariadi kuliko pengine popote. Usukumani pande za dunia ni majina ya watu: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Jamii iliyozoea kumtambua mtu kwa upande alikotoka haitakosa kuona kwamba "wa magharibi" humtaja mwenyeji wa magharibi, si msafiri aendaye huko. Kwa hiyo ianzishwe kanuni: katika maandishi ya sayansi, kirejeshi kitumike badala ya "-a" ya uhusiano, yaani "uelekeao magharibi" au "unaoelekea magharibi".

"Siku tulivu"

Neno la tano twalisifu, lakini kwa sharti. "Siku tulivu" ni tafsiri njema kwa siku ambayo uga wa sumaku wa dunia haukuvurugwa na dhoruba zitokazo katika jua. Ni fupi, na ni Kiswahili safi. Upungufu wake ni kwamba mfasiri hakuifafanua, na mkulima wa pamba, au mwalimu mtoto wa mkulima, akisikia siku tulivu huwaza siku isiyo na upepo wala mvua. Maana inayopotea hapo ni kubwa. Mkondo huu hugeuka hasa katika siku ambazo jua halina ghasia, na jambo hilo liliwaongoza wataalamu kutafuta chanzo upande wa chini, katika mawimbi ya anga yapandayo kutoka hewa ya chini, katika mvuto wa mwezi, na hata katika kupata joto kwa ghafla kwa anga iliyo juu ya Ncha ya Kaskazini wakati wa baridi ya huko, kama ilivyotokea Januari 2009. Iandikwe "siku yenye utulivu wa sumaku" mara ya kwanza, kisha "siku tulivu" iendelee bila wasiwasi.

Jina la kugeuka kwenyewe

Limebaki swali la msingi: mkondo uliogeuka uitweje? Tumepima majina matatu. La kwanza ni "mkondo rejea". Tumelikataa kwa sababu kurejea ni kurudi ulikotoka, hali mkondo huu haukuwa magharibi hapo kwanza. La pili ni "mkondo pinzani", na hili lina wapenzi wengi. Ubaya wake ni kwamba upinzani huhitaji wawili wanaokabiliana kwa wakati mmoja. Sayansi yenyewe imelijadili jambo hili, kama ni mkondo mmoja uliogeuka au ni mkondo wa pili uliojiongeza ukaushinda wa kwanza. Kipimo kilichoko ardhini huonyesha jumla tu. Si kazi ya istilahi kumwamulia mwanasayansi shauri lake. Jina jema husema kilichoonekana na kunyamaza juu ya kinachobishaniwa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza jina la tatu: "mkondo finyu wa kinyume". Hilo linataja upande na halidai zaidi. Tunasisitiza kiunganishi "wa", maana "kinyume" likifuatanishwa na jina bila kiunganishi hufanya kazi ya kielezi, na msomaji hungoja kitenzi kisichokuja.

Tukikusanya hayo yote, sentensi ya kwanza ya maelezo ya Bariadi ingekuwa hivi: "Mkondo finyu wa kinyume ni mkondo wa umeme uelekeao magharibi, ambao hutokea mchana kwa saa chache katika ionosfia iliyo juu ya ikweta ya sumaku, mahali ambapo kwa kawaida mkondo finyu huelekea mashariki, nao huonekana hasa katika siku zenye utulivu wa sumaku." Ni ndefu kuliko ya mfasiri karibu mara tatu. Tunaukubali urefu huo. Ufupi wa sentensi yake ulilipiwa na msomaji.

Hitimisho

Wapo watakaotuuliza kwa nini tujisumbue, ikiwa sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza na wataalamu wa ionosfia hawasomi kwa lugha nyingine. Swali hili huulizwa tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, na jibu lake liko Bariadi. Maelezo haya hayakuandikiwa wataalamu. Yaliandikwa kwa mtu aliyeshika kipokezi katikati ya mashamba, ambaye saini yake itaamua ni hatua ngapi za ardhi ni za nani. Mtu huyo hufanya kazi kwa Kiswahili, husikiliza malalamiko kwa Kiswahili na Kisukuma, na hukata shauri kwa yale aliyoyaelewa.

Kwa wafasiri tunasema: kabla ya kulitia neno katika matumizi mapya, ulizeni kwanza ni nani analo tayari. Kwa walimu: sindano iliyoning'inizwa kwa uzi itafundisha ikweta ya sumaku vizuri kuliko ukurasa mzima, basi itumieni. Kwa maofisa wanaopelekewa maelezo kama haya ili wayasambaze: mpeni kwanza msomaji mmoja wa kawaida, kisha msimwulize kama ameelewa, kwa kuwa atasema ndiyo. Mwambieni aeleze alichokielewa. Laiti hilo lingefanywa Bariadi, nguzo za umeme zingaliokoka na lawama.

Mapendekezo yetu hayana muhuri. Mwenye majina bora na ayalete, pamoja na hoja zake, nasi tutayapima kwa mizani ileile tuliyoyapimia haya.